Iulize Mvua Kabla ya Kuchimba Msingi

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba huacha lita moja kamili ya maji. Paa la darasa lenye mita 100 za mraba likipata milimita 20, linamwaga lita 2,000 uani. Milimita hizo hizo 20 zikinyesha juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 80,000. Sasa chukua mlima wa ekari 500 juu ya kijiji, unaokusanya maji yake katika korongo moja, na korongo hilo linakatiza barabara yenye kalavati moja. Hata nusu ya mvua ikinywewa na ardhi, zinabaki lita milioni 20 zinazotafuta njia alasiri moja. Aliyeamua ukubwa wa kalavati lile alikuwa na data gani mkononi?

Swali hilo linamhusu kila anayekaa kwenye halmashauri ya kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, kamati ya shule, jumuiya ya watumia maji au kikundi cha wakulima. Mabadiliko ya tabianchi tunayasikia kwa lugha ya mikutano mikubwa, lakini yanatufikia kwenye mambo ya kawaida kabisa: kalavati lililong'oka, lambo lililokauka Agosti, zahanati iliyozungukwa na maji, mahindi yaliyonyauka yakiwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele. Miradi hiyo ilikuwa na bajeti, ilikuwa na mhandisi, na ilizinduliwa kwa ngoma. Mara nyingi kilichokosekana ni mjumbe mmoja wa kunyoosha mkono kikaoni na kuuliza mvua ya hapa ikoje hasa. Ningependa swali hilo liulizwe katika kila kikao, na muulizaji ajue jibu zuri linafananaje.

Wastani unaficha mengi

Karibu kila andiko la mradi lina sentensi moja tu kuhusu mvua: eneo hupata wastani wa milimita kadhaa kwa mwaka. Kisha andiko linaendelea na mambo mengine. Kwa Dodoma, kwa mfano, utasoma kitu kati ya milimita 550 na 600, na tarakimu hiyo ni sahihi. Shida ni kwamba haimsaidii anayejenga wala anayelima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza mvua inanyesha siku 60, kidogo kidogo, tangu Desemba hadi Aprili, na jumla ni milimita 580. Mwaka wa pili inanyesha siku 28 tu. Mbili kati ya hizo zinamwaga zaidi ya milimita 90 kila moja, na katikati ya Februari kuna majuma matatu makavu. Jumla ni 580 vilevile. Mwaka wa kwanza watu wanavuna. Mwaka wa pili mahindi yanakauka, barabara inakatika, na mama mjamzito anashindwa kuvuka kwenda kituo cha afya. Kwenye ripoti ya wilaya miaka yote miwili imeandikwa "mvua za wastani".

Kwa hiyo ukipewa wastani, shukuru, kisha endelea kuuliza. Mvua huanza lini na kuisha lini? Hunyesha siku ngapi kwa msimu? Mvua kubwa kuliko zote kwa siku moja iliwahi kufika milimita ngapi? Kiangazi cha katikati ya msimu huchukua siku ngapi, na katika miaka 10 hutokea mara ngapi? Maswali haya yanajibika. Kila jibu linatoka kwenye vipimo vya siku kwa siku, siyo kwenye jumla ya mwaka, ndiyo maana unapoomba data uombe za siku.

Maswali haya yana uzito zaidi sasa kuliko zamani. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Mvuke ukiwa mwingi, wingu likikomaa linaachia mzigo mkubwa zaidi kwa mara moja. Hivyo hata mahali ambapo jumla ya mwaka haijabadilika, mvua ya saa moja inaweza kuwa si ile iliyozoeleka.

Upande wa ukame nao una hesabu yake, na huwa inasahaulika. Katika nyanda kavu za kati mwa Tanzania, jua na upepo huweza kunyonya karibu mita 2 za maji kwa mwaka kutoka kwenye bwawa lililo wazi. Lambo lenye kina cha mita moja na nusu linaweza kukauka bila ng'ombe hata mmoja kunywa. Ndiyo maana lambo jembamba lenye kina kirefu hudumu kuliko lambo pana la kina kifupi lenye maji kiasi kile kile. Mkandarasi akipendekeza kupanua badala ya kuchimba chini, mwombe akuonyeshe kwa hesabu maji yatabaki kiasi gani Oktoba, baada ya jua kuchukua sehemu yake.

Mvua ya miaka 10, mvua ya miaka 50

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi za umma zinapopotea.

Mhandisi akisema kalavati limesanifiwa kuhimili mvua ya miaka 10, wengi wetu tunaelewa kwamba mvua kubwa ikishapita mwaka huu, tunayo miaka 9 ya kupumua. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, kuna nafasi 10 katika 100 ya kupata mvua inayolizidi. Nafasi hizo zinarundikana. Ndani ya miaka 10, uwezekano wa kalavati hilo kuzidiwa angalau mara moja ni 65 katika 100. Ndani ya miaka 20 ni 88 katika 100. Hata daraja la mvua ya miaka 50, likitumika miaka 50, lina nafasi 64 katika 100 za kuzidiwa.

Hesabu hizo zinachukulia kwamba mvua za kesho zitafanana na zilizopimwa jana. Njia za kukadiria mafuriko ya makorongo madogo ambazo bado zinatumika Afrika Mashariki zilitungwa na maabara ya barabara ya Uingereza katika miaka ya 1970, kwa vipimo vya mvua vya kabla ya hapo. Zilikuwa kazi nzuri na zimejenga madaraja mengi. Lakini tangu wakati huo misitu mingi ya milimani imefyekwa, mabati yameongezeka, ardhi imeshindiliwa, na hewa imepata joto. Kwenye mchoro huenda mvua ile inaitwa bado ya miaka 25, wakati korongoni inakuja mara nyingi zaidi.

Basi mchoro ukiletwa mbele ya kamati, yapo mambo matatu ya kumwomba mhandisi. La kwanza, mradi huu umesanifiwa kwa mvua ya miaka mingapi. La pili, data zimetoka kituo gani, kiko kilomita ngapi kutoka hapa, na zinaishia mwaka gani. La tatu ndilo ningelikomalia kuliko yote: maji yakizidi, yatapita wapi? Mradi ambao jibu lake ni "hayatazidi" urudishwe mezani. Penye korongo linalojaa saa chache kwa mwaka, daraja mfuto, lile linaloruhusu maji kupita juu yake, linaweza kuwa jibu bora kuliko kalavati. Barabara itafungwa nusu siku, maji yatashuka, watu watapita. Kalavati dogo likizibwa na magogo hugeuka kuwa bwawa, na bwawa hilo likipasuka huondoka na barabara.

Tunao mfano ambao kila aliyepita Dar es Salaam anaujua. Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi na maeneo mengine ya jiji yaliua watu zaidi ya 40. Mwaka uliofuata ujenzi wa miundombinu ya mabasi ya mwendokasi ulianza, na karakana yake ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile. Mabasi yalianza kazi 2016, na karakana ikafurika tena na tena katika miaka iliyofuata. Data hazikukosekana, matope yalikuwa hayajakauka ukutani. Sasa kuna mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, unaohusisha daraja jipya la Jangwani na kuhamisha karakana. Tunalipia eneo moja mara mbili.

Kijijini, ushahidi kama huo mnaweza kuukusanya kwa asubuhi moja. Chukueni wazee wawili watatu walioishi karibu na korongo, wanawake kwa wanaume, mwongozane kwa miguu. Msiwaulize "mafuriko yalikuwa makubwa?" Waulizeni maji ya El Niño ya 1997 yalifika wapi: yalivuka mwembe ule, yaligusa dirisha la ofisi ya chama, yaliingia kwa nani? Tazameni takataka zilizonasa kwenye matawi ya vichaka na mstari wa tope kwenye kuta za matofali. Pigeni rangi penye kila alama, andikeni mwaka, pimeni kimo kutoka sakafu ya korongo, pigeni picha. Alama tatu zilizopimwa vizuri zitamfaa mhandisi kuliko kituo cha mvua kilichoko kilomita 70 upande wa pili wa mlima.

Miaka 30 na kumbukumbu ndefu zaidi

Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana kupima hali ya kawaida ya mahali kwa miaka 30. Kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa kulinganisha misimu kinafaa. Kwa kuamua pa kujenga, wakati mwingine ni kifupi mno.

Ziwa Viktoria linatufundisha hili waziwazi, kwa kuwa kimo chake kimepimwa tangu miaka ya 1890. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likafika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Kisha likawa linashuka na kupanda kwa miongo, bila kurudi kwenye kimo kile, na watu wakazifuata fukwe: nyumba, mialo ya samaki, hoteli, bustani. Mei 2020, baada ya vuli ya 2019 iliyokuwa na mvua nyingi mno, ziwa lilifika mita 13.42. Sentimita moja tu juu ya rekodi ya zamani, na maelfu ya watu Tanzania, Uganda na Kenya walikuwa wameshahamishwa na maji. Mpangaji wa mwaka 2005 aliyetazama miaka 30 ya nyuma yake hakuuona mwaka 1964. Aliyekwenda kumuuliza mvuvi mzee angeonyeshwa mpaka wa maji kwa kidole.

Utabiri upi kwa uamuzi upi

Kumbukumbu za miaka mingi ni za kujengea. Utabiri wa msimu ni wa kulimia na kupangia akiba. Taarifa ya siku tano ni ya kuokolea watu na mali. Vurugu nyingi hutokana na kuchanganya hivi vitatu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua za masika na vuli kwa mikoa yenye misimu miwili, na mwelekeo wa msimu kwa mikoa ya kati, magharibi na kusini inayopata mvua mara moja kwa mwaka. Kabla ya hapo wataalamu wa ukanda mzima hukutana chini ya kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilichoko Nairobi, ICPAC. Ukisoma "mvua za wastani", kumbuka TMA hutumia neno hilo kwa mvua kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Mahali penye wastani wa milimita 400 kwa msimu, milimita 300 ni mvua za wastani, na milimita 500 pia ni mvua za wastani. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni tofauti kati ya kununua unga na kuuza gunia. Utabiri wa wastani hautoshi kukuachisha mtama.

Utabiri pia ni uwezekano. Ukiambiwa kuna nafasi 45 katika 100 za mvua juu ya wastani, 35 za wastani na 20 za chini ya wastani, basi katika misimu 100 kama hiyo, 20 itakuwa mikavu. Anayeweka shamba lote kwenye mbegu ya muda mrefu kwa utabiri wa namna hiyo anacheza na chakula cha watoto. Anayegawa shamba, theluthi mbili mbegu ya muda mrefu na theluthi moja ya muda mfupi au mtama, ameutumia utabiri jinsi unavyostahili.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha redioni: utabiri wa vuli kwa kawaida huaminika zaidi kuliko wa masika. Vuli imefungamana sana na hali ya bahari ya Pasifiki na ya Hindi, na bahari hubadilika polepole, kwa hiyo dalili huonekana mapema. Masika hayana mhimili mmoja wenye nguvu kiasi hicho. Na hata vuli ina mitego. El Niño ya 2015 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa zilizopimwa, lakini vuli ya mwaka huo haikufikia ile ya 1997, kwa sababu Bahari ya Hindi haikusukuma upande ule ule kwa nguvu ile ile. Watu wakasema wameongopewa. Mifereji waliyozibua ilifanya kazi yake hata hivyo.

Taarifa ya siku tano huja kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi peke yake haiokoi mtu. Kijiji kiamue mapema nani anaipokea taarifa, nani anapiga kengele ya shule au kutangaza kwenye spika ya msikiti na kanisa, na rangi ipi inamaanisha wavuvi hawaingii majini.

Kikwazo kikubwa hapa ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vijiji hupanga bajeti miezi mingi kabla. Mwelekeo wa vuli unapotoka karibu na Agosti, kila shilingi imeshapewa kazi. Ndiyo maana napendekeza kila halmashauri itenge mapema fungu dogo lenye masharti: utabiri ukionyesha mvua nyingi, fungu lizibue makalavati na kununua dawa za kutibu maji; ukionyesha uhaba, linunue mbegu za muda mfupi. Sharti liandikwe kwenye bajeti yenyewe, pasiwe na haja ya kuitisha vikao vipya wakati mawingu yameshatanda.

Mahali data zilipo, na daftari lenu

Data za kituo huombwa TMA kwa maandishi, na ni vizuri kuulizia ada mapema. Taja wilaya, miaka unayotaka, kwamba unahitaji za siku kwa siku, na kazi utakayoifanya nazo. Kenya, kila kaunti ina ofisi ya hali ya hewa inayoweza kuulizwa ana kwa ana. Pengo kati ya kituo na kituo huzibwa na makadirio ya setilaiti. Yale yanayoitwa CHIRPS yanaanzia 1981 na kuonyesha mvua kwa vipande vya takriban kilomita 5, bure kwa kila mwenye intaneti. Afisa kilimo au mwanafunzi wa chuo anaweza kuwatolea. Ila setilaiti huona mawingu, siyo matone. Kwenye miteremko ya milima na mwambao, ambako mawingu ya chini hunyesha vizuri tu, inaweza kukosea, na dhoruba fupi ya kijiji kimoja hupotea ndani ya kipande kizima.

Kwa hiyo kipima mvua cha kijiji kina thamani, na shule ya msingi ndiyo nyumba yake nzuri. Kisimamishwe mahali pa wazi, mbali na mti au jengo kwa angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho, mdomo wake ukiwa umelala sawasawa. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku za likizo. Maji yamiminwe kwenye glasi ya kupimia iliyosimama mahali tambarare. Msomaji ainame mpaka jicho lilingane na maji, asome pale uso wa maji ulipobonyea katikati, siyo kingo zinazopanda kwenye kioo. Aandike tarehe, milimita na jina lake, kisha amwage.

Mvua isiponyesha, iandikwe sufuri. Mtu asipokwenda kupima, nafasi iachwe wazi na sababu iandikwe. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu kumbukumbu nyingi. Sufuri inasema kulikuwa kukavu. Nafasi wazi inasema hatujui. Mwezi wa siku 11 zisizopimwa ukijazwa sufuri unageuka kuwa ukame wa karatasini, na miaka 20 baadaye mtu atachimba kisima au atanyimwa kalavati kwa ukame ambao haukuwahi kuwepo. Na asitokee wa kukisia. Mwalimu anayeandika milimita 5 kila siku ili daftari lipendeze amelifuta daftari zima.

Ukifika kwenye makadirio ya mwaka 2050 na kuendelea, gawanya imani yako. Kuhusu joto, mifano yote ya kompyuta inakubaliana kwamba linapanda, kwa hiyo wodi ya wazazi inayojengwa leo ipate dari, madirisha yanayopitisha hewa pande mbili na kivuli, bila mjadala. Kuhusu mvua za masika, mifano mingi inatabiri ongezeko, ilhali vipimo tangu miaka ya 1980 vilionyesha kupungua kwa muda mrefu, na wanasayansi bado wanalisumbukia fumbo hilo. Mtaalamu akikuletea mvua ya wilaya yako mwaka 2050 mpaka nukta ya desimali, mwombe akuonyeshe pia mfano wa kompyuta unaosema kinyume. Kisha chagueni mradi unaofaa katika hali zote mbili: kuvuna maji ya paa, matuta ya kuzuia maji shambani, kuacha kingo za mito bila majengo.

Maswali yote mliyouliza na majibu mliyopewa yaingie kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la kituo na miaka ya data, ili daraja likizidiwa ijulikane uamuzi ulifanywa kwa taarifa ipi. Daftari la mvua linakiliwe kila mwisho wa mwezi: nakala moja shuleni, moja kwa mtendaji wa kata, na picha kwenye simu za watu wawili. Mtendaji wa kijiji akihamishwa, liwemo kwenye orodha ya makabidhiano pamoja na muhuri. Likipotea, anzeni jipya siku inayofuata saa tatu asubuhi, na ukurasa wake wa kwanza utaje tarehe zote ambazo hazina kumbukumbu.